Mbwa Aliyepotea na Kurasa 16 Zisizokuwepo: Uchambuzi wa Kisa, Mikindani

Fomu 34 za maoni ya watoto kuhusu kitabu kimoja cha hadithi zilirudi kwa mwalimu wa klabu ya kusoma, zote zimejazwa, na wastani wa nyota ukatoka 3.1 kati ya 5. Kwa wastani huo kitabu ni cha hivihivi, na pesa ya kununua vingine vya mfululizo uleule ingeenda kwenye madaftari. Lakini fomu zilipopangwa kwenye dawati fungu kwa fungu, mambo yakageuka. Nyota tano, fomu 14. Nyota nne, 3. Tatu, 2. Mbili, 4. Nyota moja, 11. Watoto wawili tu darasa zima ndio walioona kitabu ni cha kawaida. Waliobaki ama wamekipenda mno ama wamekitupa. Wastani ulikuwa unamsemea mtu ambaye karibu hayumo darasani.

Kisa hiki ni cha kufundishia walimu na wakutubi. Shule haitajwi, kitabu hakitajwi, na hesabu ni za mfano; mazingira ndiyo ya Mikindani, mji mdogo wa pwani karibu na Mtwara, na makosa ni yale yanayotokea kila mahali penye nakala chache, watoto wengi na fomu ya nyota. Uamuzi uliokuwa unasubiriwa ni mmoja: klabu ina pesa ya vitabu 12. Iendelee na mfululizo huu au iachane nao?

Kitabu na usomaji wake

Ni cha nne katika mfululizo wa riwaya fupi za watoto zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Watoto watatu wa mji mdogo wa Ulaya wanafumbua fumbo moja kila kitabu, na safari hii mbwa wao katoweka. Sura 11, kurasa 96, maneno kama 9,000. Mwendo wake ni wa kawaida kwa hadithi za mnyama aliyepotea: nani alimwona mara ya mwisho, tangazo ukutani lenye ahadi ya zawadi, jirani mkali anayeshukiwa na kila mtu, shahidi mdogo aliyeona lango likifunguliwa (uk. 47), damu barabarani mwishoni mwa sura ya 7, mbwa kupatikana bandani na kumng'ata mmoja wao kwa woga (sura ya 9), mwizi kutajwa (sura ya 10), kisha kila mtu mezani anakula keki.

Kilisomwa na Darasa la 5 peke yake, maana la 4 lilikuwa linajiandaa na upimaji wa kitaifa. Nakala zilikuwa 6, vikundi vinne vya watoto sita na viwili vya watoto watano. Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, dakika 40. Mwalimu alisoma kwa sauti sura 1 hadi 4, zilizobaki akawaachia vikundi wajisomee.

Hapo pana hesabu ambayo ingefaa ifanywe mwanzo. Kiswahili kikisomwa kwa sauti, taratibu, kwa watoto wa umri huo, hutoka maneno kama 100 kwa dakika. Maneno 9,000 ni dakika 90, yaani kila sura dakika nane au tisa. Ukisoma sura mbili kila kikao unatumia chini ya nusu ya muda, dakika 20 na zaidi zinabaki za mazungumzo, na kitabu kinaisha kwa vikao sita, wiki tatu. Wiki tatu zilikuwepo. Kuwaachia vikundi kuanzia sura ya 5 kulikuwa na nia njema, ila vikundi sita katika chumba kimoja ni sauti sita kwa mpigo, na katika kila kikundi anayesoma ni yuleyule mwepesi. Wenzake wanasikia nusu na kubahatisha nusu. Kuchelewa nako hakukuwezekana. Kitabu kilianza Septemba, na korosho zikishaanza kuanguka baadhi ya watoto huongozana na wazazi shambani, wengine kwa wiki nzima. Kitabu cha fumbo hakivumilii kukosekana: ukikosa siku ya shahidi, umekosa kitabu.

Fomu yenyewe ilikuwa na sehemu ya jina, nyota za kupaka rangi, na maswali mawili: umependa nini, na kitabu kinatufundisha nini. Swali la pili tutalirudia, maana ndilo lililoharibu fungu la nyota tano.

Nyota moja, lakini si kitu kimoja

Kosa la kwanza lilikuwa kuzichukua fomu 11 za nyota moja kama sauti moja. Zilikuwa tatu.

Fomu tano zilitoka kikundi kimoja. Majibu yao yalikuwa mafupi na yanafanana: hakieleweki, mbwa katokea tu, hatujui nani kamleta. Dhana ya haraka ilikuwa kwamba kikundi kile kina wasomaji wazito, na dhana hiyo ingesimama kama si jambo moja dogo. Katika vikundi vingine vyote, kwa waliopenda na kwa waliochukia, walikuwapo waliomtaja yule mvulana aliyeng'atwa mkono. Ni tukio la kutisha, halisahauliki. Katika fomu hizi tano hakuna hata neno moja kuhusu kung'atwa. Watoto watano hawawezi kusahau jino la mbwa kwa pamoja.

Nakala yao ikafunguliwa. Baada ya ukurasa wa 64 unakuja 49, unaendelea tena hadi 64, kisha unaruka hadi 81. Kurasa 65 hadi 80 hazimo. Kwa waliowahi kuona vitabu vikikunjwa kiwandani hili si la ajabu. Kitabu cha kurasa 96 mara nyingi huwa mafungu sita ya kurasa 16. Kila fungu ni karatasi moja kubwa iliyochapwa pande mbili na kukunjwa, na mafungu hukusanywa kwa mfuatano kabla ya kutiwa gundi mgongoni. Anayekusanya akiokota fungu la nne mara mbili na kuliacha la tano, kitabu kinatoka na unene uleule, uzito uleule na jalada lilelile. Kwa kukitazama tu hutajua. Mtoto aliyekuwa akiwasomea wenzake aliona maneno yanajirudia, akaruka mpaka yalipokuwa mageni, akaendelea. Hakumwambia mwalimu, maana kwa mwanafunzi wa msingi kitabu hakikosei; anayekosea ni yeye.

Ukaguzi wake ni wa nusu dakika kwa nakala. Tazama namba kwenye viungo tu: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, 64 na 65, 80 na 81. Tazama pia kama kuna fungu lililoingia miguu juu. Fanya hivyo siku vitabu vinapofika, risiti ingali mkononi, maana kasoro ya namna hii ni ya kiwanda na muuzaji anapaswa kubadilisha. Picha ya simu inayoonyesha 64 ikifuatwa na 49 inamaliza ubishi. Wakati nakala mpya inasubiriwa, kurasa zilizokosekana zinaweza kutolewa kivuli kutoka nakala nzima. Kitabu kikiwa kimefunguliwa, kurasa mbilimbili, ni kupiga mara 9, kutoka 64–65 hadi 80–81. Zikunjwe na kuingizwa mahali pake bila gundi, ili nakala irudi kwa muuzaji kama ilivyotoka.

Fomu mbili nyingine za nyota moja zilikuwa za watoto ambao hawakumaliza kitabu. Kikao cha Alhamisi kiliishia mwisho wa sura ya 7, pale penye damu barabarani, halafu ikaja mapumziko ya mwisho wa wiki. Hawa wawili waliamini mbwa amekufa, hawakutaka kurudi kwenye sura ya 8, na siku ya fomu wakajaza walichoamini. Jambo la kwanza ambalo mtoto anataka kujua kuhusu kitabu cha mnyama aliyepotea ni kama anakufa. Kuna walimu wanaoona kumjibu ni kumharibia utamu. Si kweli. Mtoto anayeuliza hivyo pembeni, kwa sauti ya chini, ajibiwe palepale: hafi. Atasoma vizuri zaidi, maana sasa ana nafasi ya kujiuliza ni nani kamchukua. Na kikao kisikatwe kwenye damu. Ama usome kurasa tatu zaidi, ama ukate sura moja kabla.

Ukurasa wa 14

Fomu nne za mwisho za nyota moja ndizo zilizozua maneno mengi, na hazikuhusu fumbo hata kidogo. Ukurasa wa 14 unamwonyesha mbwa, kabla hajapotea, akipanda kitandani kwa msichana asubuhi, akimlamba uso; msichana anacheka, anashuka, anakwenda mezani kula mkate. Mistari sita tu. Mwandishi anataka tuone upendo, ili kupotea kuume. Mtoto wa Mikindani anayekwenda chuo cha Kurani kila jioni anaona kitu kingine kabla ya upendo: mate ya mbwa, uso haujaoshwa, mkono unachukua mkate. Waislamu wengi wa pwani hii hufuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Watoto hawa wanne walilijua hilo kuliko walivyojua jedwali la saba.

Walipoulizwa baadaye kwa mdomo, wote wanne waliweza kusimulia kitabu kuanzia tangazo mpaka banda bila kukosea. Hawakukichukia kisa. Nyota moja ilikuwa ya mistari sita.

Jibu walilopewa darasani lilikuwa "hii ni hadithi tu". Halikusaidia, kwa sababu hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Walichokuwa wanauliza ni kwa nini mtoto mwema, anayependwa na kitabu kizima, anafanya jambo ambalo wao wangechapwa, na hakuna mkubwa anayemwambia kitu. Hilo ni swali zuri la kusoma. Linafunguka kwa kuulizwa kinyume: wewe ungekuwa mgeni kwenye nyumba ile, asubuhi ile, ungefanyaje? Wangeongea dakika kumi. Mipaka ya fikihi, kwamba mbwa wa kulinda au kuwinda anafugwa, kwamba kavu kwa kavu haichafui, si ya mwalimu wa klabu kuitolea hukumu. Inaulizwa kwa ustadhi, na watoto wenyewe wanajua nyumba yake ilipo. Kubandika karatasi juu ya ukurasa, au kuruka mistari wakati wa kusoma kwa sauti, ni kosa kubwa zaidi: aliyeshika nakala anaona umeruka, na sasa mistari ile sita ndiyo pekee atakayoikumbuka. Kilicho rahisi ni kuwaambia wazazi mapema. Kitabu kina mbwa wa ndani, ukurasa ni huu, anayetaka kuutazama aje autazame. Wengi hawaji. Wanachotaka ni kuambiwa.

Ajabu ni kwamba ukurasa huohuo ulipata upinzani kutoka upande mwingine. Darasa lilikuwa na watoto ambao kwao ni Newala na Tandahimba, juu kwenye uwanda, ambako mbwa huenda porini na mwenyewe na hulinda mihogo dhidi ya nguruwe pori na nyani. Kwao kitanda hakikuwa suala la najisi. Kilikuwa kichekesho. Mbwa anayepanda kitandani hafukuzi kitu. Mmoja wao aliandika pingamizi ambalo mhariri yeyote wa vitabu vya watoto angelipenda: mbwa hapotei, kwa sababu mbwa anajua njia, akikosekana ama kaibwa, ama kafungwa, ama kafa. Kwa hiyo sura tatu za watoto kuzunguka mjini wakiita jina lake ni sura za bure, wangeanza na milango iliyofungwa. Alikuwa sahihi. Mbwa alikuwa amefungiwa bandani.

Mtoto huyo alitoa nyota tano.

Na kuna suala la jino, ambalo kitabu kinalipita kirahisi mno. Mvulana anang'atwa, anafunga leso, anakimbia. Fomu kadhaa ziliuliza kwa nini hakuosha. Lindi na Mtwara zilikuwamo katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini-mashariki mwa Tanzania miaka ya 2010, mbwa wakichanjwa kijiji kwa kijiji, na elimu yake haijapotea kwenye nyumba nyingi: jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha unakwenda kituo cha afya kuuliza chanjo, hata kama mbwa unamfahamu, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Hapa kitabu kina upungufu wa kweli, na mwalimu anayekisoma kwa sauti asimame kwenye ukurasa huo aliseme hilo kwa sentensi mbili, kisha aendelee. Hadithi haitaanguka.

Mwizi aliyefichwa na Kiswahili

Fomu nne za nyota mbili zilitoka kwa wasomaji bora wa darasa, na hilo peke yake lingetosha kuwashtua watu. Malalamiko yao: mwandishi kadanganya.

Katika sura ya 10 msichana mkubwa anamtaja mwizi, na hoja yake ni kwamba jirani mkali hawezi kuwa yeye, kwa sababu shahidi mdogo alisema ni mwanamke. Watoto hawa walirudi uk. 47 kutazama, jambo ambalo mwandishi wa mafumbo hulitamani kwa msomaji wake. Mmoja aliinua mkono na kitabu wazi: "Mwalimu, hapa hajasema mwanamke. Kasema, nilimwona akifungua lango, akamwita kwa jina, wakaondoka." Mwalimu akasoma. Kweli. Hakuna mwanamke kwenye ukurasa ule.

Mwandishi hakudanganya, wala mfasiri hakukosea sarufi. Katika lugha nyingi za Ulaya mtu wa tatu ana kiwakilishi cha kiume na cha kike, kwa hiyo shahidi anaposema amemwona fulani akifungua lango, jinsia yake imeshasemwa ndani ya neno dogo ambalo msomaji hulipita bila kulitazama. Ndiyo raha ya kidokezo kile: kipo wazi, na hukukiona. Kiswahili chetu kina "a-" kwa wote. Mwanamume a-, mwanamke a-, mzee a-, mbwa mwenyewe a-. Kidokezo kiliyeyuka kwenye tafsiri, na hoja ya sura ya 10 ikabaki inaning'inia. Ukaguzi wa lugha hauwezi kukamata kosa la namna hii, kwa kuwa sentensi ni Kiswahili safi kabisa. Atakayelikamata ni mtu anayesoma kitabu kizima akiwa na karatasi pembeni, anaandika kila kidokezo na ukurasa wake, halafu anahakiki kama kila hoja ya mwisho ina kwao.

Dawa yake inahitaji mkono mwepesi. Ukiandika "nilimwona mwanamke", neno linapiga kelele. Msomaji anasimama papo hapo na kumfuta jirani kwenye orodha, sura nne kabla ya wakati. Kinachotakiwa ni kitu kinachopita kama upepo. "Nilimwona mama mmoja akifungua lango" kinatosha, kwa sababu "mama mmoja" katika Kiswahili cha kila siku hupita kimyakimya, karibu kama "mtu fulani", na kitabu kina wanawake wazima wawili, kwa hiyo mwizi hajafichuka. Klabu iliandika hivyo kwa penseli kwenye nakala zote, isipokuwa ile mbovu ya kurudishwa. (Anayeandika fumbo kwa Kiswahili tangu mwanzo ana bahati ambayo wenzake hawana: anaweza kumficha mwizi mwanamke nyuma ya "a-" kitabu kizima bila kusema uongo hata mara moja. Sharti asimtegemee shahidi kumtofautisha.)

Kwa hiyo zile nyota mbili zilikuwa za watoto waliosoma kwa makini kupita wote. Kwenye jumla zilihesabiwa kama za waliochoshwa.

Waliosoma cha pili

Maktaba ya darasa ilikuwa na nakala moja chakavu ya kitabu cha pili cha mfululizo, na watoto watatu walikuwa wamekisoma. Hao ndio walioweka nyota nne. Katika kitabu cha pili jirani mkali ndiye aliyekuwa mkosaji, kwa hiyo walipoingia cha nne walimrukia mara moja, wakaenda naye mpaka sura ya 10, wakaanguka kwa kishindo kama ilivyokusudiwa. Wenzao 31 hawakuwa na sababu ya kumshuku mtu ambaye kosa lake lote ni kufoka. Kwao jirani alikuwa mzee mwenye hasira tu, na kurasa nyingi zinazomfuatilia zilikuwa ndefu. Jalada linasema kila kitabu kinajitegemea. Kwa kisa, ndiyo. Kwa mtego, hapana.

Nyota waliyoinyima ilikuwa ya sura ya 1, ambayo inawatambulisha upya watoto watatu, baiskeli zao na paa la kujificha, karibu kwa maneno yaleyale ya kitabu cha pili. Ni ugonjwa wa mifululizo yote, mwandishi anamhudumia mgeni na kumchosha mwenyeji. Mwalimu anaweza kuufupisha: kwa kikundi kilichokwisha kusoma kimoja, anza uk. 9.

Nyota tano nazo

Kati ya fomu 14 za nyota tano, 9 zilikuwa na sentensi moja, tofauti ya neno mojamoja: kitabu ni kizuri kwa sababu kinatufundisha tusiibe vitu vya watu. Hakuna mtoto wa miaka 11 aliyemaliza kitabu cha mbwa akabaki na hilo. Ni jibu la swali, na swali liliulizwa kwenye fomu: kinatufundisha nini? Mtoto analijua jibu hilo tangu la 3, linafaa kwa hadithi ya sungura na fisi, linafaa kwa shairi, linafaa kwa mtihani. Ukiongeza kwamba fomu ilikuwa na jina na kwamba aliyechagua kitabu ndiye atakayeisoma, nyota tano ni adabu. Zilizobaki tano zilikuwa na kitu ndani: banda lilivyonuka, swali la nani alilipwa ile zawadi, na yule wa Newala na milango yake.

Fomu ya pili ilifutwa jina na nyota. Ikawa kipande cha karatasi upana wa vidole vitatu kinachokaa ndani ya kitabu kama alama, na kila mtoto anachora mstari na namba ya ukurasa mahali alipomshuku mtu, na jina la mtu huyo. Mwisho, maswali matatu: wapi ulitaka kuruka, ungempa nani kitabu hiki, na wapi hukuamini. Kura ya jumla ilipigwa kwa kokoto ndani ya makopo mawili, la ndiyo na la hapana, nyuma ya mlango, mmojammoja. Kulikuwa na wazo la kutumia korosho. Korosho ghafi haifai mikononi mwa watoto, maganda yake yana mafuta yanayobabua ngozi, na zilizokaangwa zisingefika kwenye kopo.

Zoezi moja lilitoa maoni kuliko fomu zote mbili: kuhamisha msako. Chora Mikindani kwenye karatasi kubwa, ghuba, mikoko, soko, Boma la Wajerumani kilimani, barabara inayokwenda Mtwara mjini kilomita kama 10 upande mmoja na Lindi upande mwingine. Mbuzi wako hajarudi jioni. Unaanza wapi, unamuuliza nani, tangazo unalitoaje? Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wengi hawakuwa wameelewa tangazo la ukutani kabisa. Kwao aliyepoteza mnyama haandiki. Anapita nyumba kwa nyumba, anawaambia vijana wa kijiweni na wanaorudi pwani. Sura nzima ya 3, watoto wanakata karatasi na kugombania rangi, ilikuwa giza kwao, na kwenye vipande vya alama ndiyo iliyoongoza kwa "hapa nilitaka kuruka".

Baada ya kikundi cha nakala mbovu kusomewa sura ya 8 na 9 kwa sauti, watatu kati ya watano walihamia kopo la ndiyo, mmoja akabaki kopo la hapana kwa sababu zake mwenyewe, na mmoja alikataa kupiga kura mara ya pili. Wale wanne wa ukurasa wa 14 walibaki walipokuwa, isipokuwa mmoja. Hakuna aliyewabembeleza.

Vitabu 12 viligawanywa hivi. Vitano vya kitabu cha pili, ili pamoja na ile nakala chakavu viwe sita na darasa lijalo lisome cha pili kabla ya cha nne. Viwiliviwili vya cha kwanza, cha tatu na cha tano, vya kuazimwa nyumbani, maana anayenogewa na mfululizo huufukuzia mwenyewe na hahitaji kikundi. Kabla ya kulipia, maktaba ya mkoa iulizwe kama inavyo. Kimoja cha nne, iwapo muuzaji atakataa kubadilisha ile nakala. Akikubali, nafasi hiyo inakwenda kwa cha sita. Na kabla boksi halijatoka dukani, kila nakala ifunguliwe kwenye viungo vyake, kuanzia 16 na 17.